Nyumba ya Elsamere na ukuta wetu wa udongo



Jumamosi mvua ilitufungia kwenye kibanda cha chai hapa Kaberebere, tukabaki kuangalia kwenye simu picha za nyumba iliyo kando ya Ziwa Naivasha, Kenya. Inaitwa Elsamere. Siku hizi ni makumbusho: unalipa kiingilio, unaona michoro, unakunywa chai bustanini. Kufika kwa miguu yetu bado. Ndani ya Uganda tunatembea, lakini kuvuka Busia kunataka hati ya kusafiria.

Mwenye nyumba alikuwa Joy Adamson. Wengi wanamjua kwa simba Elsa na kitabu cha mwaka 1960. Kumbe alikuwa mchoraji pia! Alizaliwa mwaka 1910 Troppau, wakati huo ikiwa Austria. Leo mji huo unaitwa Opava na uko Jamhuri ya Cheki. Mume wake wa kwanza alikuwa Myahudi. Wanazi walipozidi nguvu, mwaka 1937 alimtuma mkewe atangulie Kenya kutafuta pa kuishi. Ndoa haikudumu, mama akabaki Afrika.

Basi, alikuwa mkimbizi? Hapo tulibishana mpaka chai ikapoa. Mmoja wetu alisema hapana, huyo hakupanga foleni ya posho hata siku moja. Kweli. Alifika nchi iliyotawaliwa na wazungu, akiwa mzungu, na baadaye serikali hiyohiyo ya kikoloni ikamlipa achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi yao ya jadi. Alichora mamia. Kazi ni nzuri, tena leo inasaidia kukumbuka mapambo ambayo hayavaliwi tena. Ila waliochorwa, nyumba zao hazikuwa makumbusho. Joy aliuawa Shaba mwezi wa Januari 1980, na Elsamere ikatunzwa.

Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, mkija kupiga picha za mahema, ingieni na ndani. Kaka mmoja wa kwetu alikuwa anachora kwa mkaa kwenye ukuta wake wa udongo. Alipopata safari ya kuhamia ng'ambo, nyumba ikapewa familia nyingine. Wameshasiriba upya kuta zote, mvua ilikuwa imezila. Wamebakisha kipande kimoja tu juu ya kitanda, chenye mtumbwi wa Ziwa Tanganyika.