Ukaguzi wa Uthabiti: Neno la Kutangulia Kabla ya Kuingia Ndani

Ardhi ya Titye, kama ilivyo ardhi yote ya nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, yaonekana imetulia tuli. Lakini upande wa machweo liko Ziwa Tanganyika, nalo limejaa ndani ya Bonde la Ufa la magharibi, na bonde hilo halijamaliza kupasuka. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea ziwani humo, likabomoa nyumba katika mji wa Kalemie upande wa Kongo, na mtikisiko wake ukahisika mbali sana katika Afrika Mashariki. Basi swali ambalo wahandisi hulijibu baada ya msiba wa namna hiyo, yaani kama nyumba iliyobaki imesimama yafaa kuingiwa au haifai, ni swali letu sisi wenyewe. Na madhumuni ya makala haya ni kuitafutia kazi hiyo jina lake sahihi la Kiswahili.

Neno linalotangulia ndimini mwa watu ni tathmini. Ni neno zuri, lenye asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa neno thamani. Kwa hiyo kufanya tathmini, kwa maana yake ya asili, ni kukitia kitu thamani yake. Mwananchi wa kijijini amekwisha kulizoea kwa maana hiyo hiyo: barabara ikitaka kupita shambani mwake, huja mthamini akahesabu migomba, mibuni na vyumba, kisha watu wakakaa kungoja fidia. Ama baada ya tetemeko, maswali ni mawili, tena hayafanani hata kidogo. La kwanza ni hasara imefika kiasi gani. La pili ni je, jengo hili litamwangukia mtu? Yamkini nyumba ikapoteza lipu, dari na vioo vyote, hasara yake ikawa kubwa, na hali kuta na nguzo zake ni salama. Na yamkini nyingine ikaonyesha ufa mmoja tu uliokwenda mshazari katika nguzo, ambao gharama ya kuutengeneza ni ndogo, lakini atakayelala humo amelala kaburini.

Tofauti hiyo ilidhihirika kwa jirani zetu wa Kagera. Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa huo, likaua watu wasiopungua 17, likabomoa nyumba nyingi za Bukoba na wilaya za jirani, na kuziharibu shule za sekondari za Ihungo na Nyakato hata zikafungwa. Nyumba zilizoumia zaidi katika matetemeko ya namna hii ni zile tunazozijenga sisi pia hapa Titye: tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, bila linta ya zege yenye nondo inayozunguka nyumba nzima na kuzifunga kuta zote pamoja. Ukuta usiofungwa na mwenzake husimama kwa uzito wake tu. Ardhi ikiutikisa kwa ubavu, huachana na wenzake pembeni, na sehemu ya pembetatu iliyo chini ya kenchi ndiyo hutangulia kuporomoka.

Mkaguzi hana haja ya kuanza na mashine. Kwanza hulizunguka jengo kwa nje, atazame kama limeinama, kama msingi umetengana na ardhi, na kama jirani yake aweza kuliangukia. Kisha husoma nyufa: ufa mwembamba wa lipu si hoja, bali nyufa mbili zinazokatana kama msalaba baina ya madirisha zaonyesha kwamba ukuta umekatwa na nguvu ya ubavuni. Huko Marekani, katika jimbo la California, ulitolewa mwaka 1989 mwongozo unaomfundisha mkaguzi kubandika mlangoni kadi ya rangi moja kati ya tatu: nyekundu, yaani si salama; njano, yaani matumizi yana mpaka; na kijani. Hapo pana jambo la kuzingatia sana: kadi ya kijani haikuandikwa neno salama, bali imeandikwa kwamba jengo limekaguliwa. Waandishi wake walijua kwamba tetemeko kubwa hufuatwa na mengine madogo, na kwamba jengo lililopasishwa asubuhi sharti likaguliwe tena likitikiswa jioni.

Wala si tetemeko peke yake linalotaka ukaguzi wa namna hii: moto nao una alama zake. Zege likipata joto la nyuzi 300 na zaidi, aghalabu hubadilika rangi likawa la waridi, na nguvu yake huanza kupungua. Chuma kikifika karibu na nyuzi 600 hubaki na nusu tu ya nguvu yake. Kwa hiyo mkaguzi hugonga zege kwa nyundo asikilize: lililo zima hulia kwa sauti kali, na lililoachana ndani hutoa sauti ya utupu. Tena jengo lililoungua si lazima libomolewe: Soko la Kariakoo, lililozinduliwa mwaka 1975 kwa ubunifu wa Beda Amuli, liliungua tarehe 10 Julai 2021, na jengo hilo likakarabatiwa badala ya kubomolewa. Darajani nako, kama pale mto Malagarasi unapovukwa na barabara yetu ya kwenda Tabora, jicho huelekea mahali sakafu inapoegemea nguzo, kwani daraja laweza kuteleza kutoka kitini mwake na lami ya juu ikabaki nzima.

Tuchague neno gani, basi? Usalama ni ahadi kubwa kuliko awezavyo mkaguzi kuitoa. Uimara ni neno jema, lakini hutumika hata kwa imani na afya. Uthabiti watoka katika shina moja na kuthibitisha: kilicho thabiti ni kile kilichosimama mahali pake, na kuthibitisha ni kukisimamisha kwa ushahidi. Ukaguzi ni neno letu la Kibantu, nalo linasema kweli yote, kwamba mtu mjuzi amekuja, ameangalia, na anatoa ushahidi wa alichokiona. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba tathmini ibaki kwa hasara na fidia, na kazi ya mhandisi iitwe ukaguzi wa uthabiti.

Nanyi viongozi wa vijiji, walimu wakuu na mafundi wa Titye, nawasihi: ardhi ikitikisika, msianze kuhesabu mabati yaliyopotea. Watoeni watoto nje, mwiteni mhandisi aliyesajiliwa, na mtakapoambiwa tathmini imekamilika, ulizeni: na ukaguzi wa uthabiti, umefanywa?