Mapafu ya Mtoto Njiti: Historia ya Ujuzi Uliochelewa

Katika muda wote wa mimba mapafu hayapumui. Oksijeni humfikia mtoto kutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma na kitovu, na mapafu hujaa maji yanayotengenezwa humo humo ndani yake. Mara tu baada ya kuzaliwa mambo yote hayo hugeuka: maji huondoka, hewa huingia, na damu iliyokuwa ikiyapita mapafu kando huanza kuyapitia. Mtoto aliyetimiza miezi huvuka hatua hiyo bila mtu kuona ugumu wake. Njiti, hasa aliyezaliwa kabla ya wiki ya 34, mara nyingi hushindwa. Kwa karne nyingi wakunga na madaktari walimwona mtoto wa namna hiyo akihema mbiombio, akiguna, mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi, kisha akifa siku ya pili au ya tatu. Kilichompungukia hakikujulikana hadi katikati ya karne ya 20.

Umbo la mtoto aliye tumboni lilianza kuchunguzwa zamani sana. Aristotle alipasua mayai ya kuku siku baada ya siku ili aone kifaranga kinavyojengeka, na Galen alijua kwamba moyo wa mtoto aliye tumboni una tundu ambalo baadaye huziba. William Harvey, katika kitabu chake cha 1628 juu ya mwendo wa damu, alieleza jinsi damu ya mtoto huyo inavyoyakwepa mapafu. Mwaka 1774 William Hunter, daktari Mskoti aliyefanya kazi London, alichapisha picha 34 za mji wa mimba katika hatua mbalimbali. Ni picha sahihi ajabu, ila zinaonyesha umbo tu. Ratiba ya ujenzi wa viungo vya ndani haimo. Hata yai la mnyama anayenyonyesha halikuwa limeonwa na mtu hadi Karl Ernst von Baer alipolitambua mwaka 1827.

Ratiba hiyo ililetwa na Wilhelm His, profesa wa Leipzig, Ujerumani. Kati ya 1880 na 1885 alitoa kazi yake kubwa juu ya viinitete vya binadamu, akivikata vipande vyembamba mno, akivichora kimoja kimoja, kisha akiunda upya umbo zima kutokana na vipande hivyo. Mwanafunzi wake Mmarekani, Franklin Mall, aliipeleka kazi hiyo Baltimore, ambako Taasisi ya Carnegie ilimfungulia idara ya viinitete mwaka 1914. Baada ya Mall kufariki mwaka 1917, mrithi wake George Streeter alitumia mkusanyiko huo kuweka msingi wa mgawanyo wa wiki nane za mwanzo katika hatua 23, na mgawanyo huo bado unatumika. Viinitete vyenyewe vilitokana na mimba zilizoharibika na operesheni za wanawake. Majina ya wanawake hao hayamo katika sifa za sayansi hiyo, na wengi wao hawakuombwa ridhaa.

Kutokana na kazi hizo ilifahamika kwamba pafu huanza wiki ya nne kama kichipukizi kidogo kwenye upande wa mbele wa bomba la chakula. Kichipukizi hujitenga, hugawanyika mara mbili, kisha matawi huendelea kugawanyika. Ujuzi huu ulikuwa na faida ya papo hapo kwa wapasuaji: mtoto anayezaliwa umio wake ukiwa umeziba na kuungana na bomba la hewa ni mtoto ambaye utengano ule wa mwezi wa kwanza haukukamilika. Cameron Haight, huko Ann Arbor, Marekani, alifaulu mwaka 1941 kuunganisha umio wa mtoto wa namna hiyo kwa operesheni moja.

Kufikia takriban wiki ya 16 mirija mikubwa ya hewa imekwisha kujengeka, lakini hakuna mahali ambapo oksijeni inaweza kuingia kwenye damu. Nafasi hizo hufunguka katika wiki za 16 hadi 26, mishipa midogo ya damu ikizisogelea. Baada ya hapo huja vifuko vyembamba, na vifuko halisi vya hewa huanza kuongezeka karibu na mwisho wa mimba na huendelea kuongezeka miaka kadhaa baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo pafu la wiki ya 24 si pafu la wiki ya 40 lililopunguzwa ukubwa. Ni kiungo cha muundo mwingine, na daktari wa watoto wachanga asiyelijua hilo ataitibu hali ya kawaida ya wiki ile kana kwamba ni ugonjwa uliovamia kutoka nje.

Ndivyo ilivyotokea. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari waliopasua maiti za njiti walikuta utando unaong'aa umetanda ndani ya mapafu, na maradhi yakapewa jina la utando huo. Wengine walidhani mtoto amevuta maji ya chupa ya uzazi, wengine maziwa. Wakati huo huo jibu lilikuwa karibu. Mwaka 1929 Kurt von Neergaard, akifanya kazi Uswisi, alijaza mapafu ya nguruwe kwanza hewa, kisha kimiminika. Kimiminika kiliingia kwa nguvu ndogo zaidi. Akahitimisha kwamba sehemu kubwa ya ukaidi wa pafu hutokana na mvutano wa uso wa maji yaliyolowesha kuta zake, maana kuta mbili zenye unyevu hugandana kama mifuko ya plastiki iliyoloa. Aliandika hata kwamba nguvu hiyo inastahili kuchunguzwa katika pumzi ya kwanza ya mtoto mchanga. Makala yake ilisahaulika kwa zaidi ya miaka 20.

Waliolirudia suala hilo hawakuwa madaktari wa watoto. Richard Pattle, Uingereza, na John Clements, Marekani, walikuwa katika maabara za kijeshi zilizochunguza gesi za sumu. Mwaka 1955 Pattle aliona kwamba viputo vya povu litokalo mapafuni havipasuki upesi kama viputo vingine. Mwaka 1957 Clements alipima na kuthibitisha kwamba mapafu yana dutu ya mafuta inayoshusha mvutano ule. Dutu hiyo huitwa safaktanti. Mary Ellen Avery, daktari kijana wa Boston, alikwenda kwa Clements kujifunza kipimo chake, akarudi na kukitumia kwenye mapafu ya njiti waliokufa. Mwaka 1959, yeye na Jere Mead walichapisha jibu: safaktanti ilikuwa imepungua mno. Utando ule ulikuwa matokeo ya maradhi, si chanzo. Seli zinazotengeneza safaktanti huonekana baada ya wiki ya 20, na kiasi cha kutosha hupatikana karibu na wiki ya 35. Mtoto alikuwa amezaliwa kabla haijafika zamu yake.

Ujuzi huo ulikuwa mchanga wakati Patrick, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, alipozaliwa tarehe 7 Agosti 1963 akiwa na wiki 34 na nusu na uzito wa kilo 2.1. Alikufa baada ya saa 39. Hospitali bora za nchi tajiri hazikuwa na dawa. Mwaka 1971 George Gregory, San Francisco, alionyesha kwamba shinikizo dogo la hewa lisilokatika huzuia vifuko visifumbe mtoto anapotoa pumzi. Kati ya watoto 20 wa kwanza, 16 walipona. Mwaka huo huo Louis Gluck alionyesha kwamba ukomavu wa mapafu unaweza kukadiriwa kwa kupima mafuta katika maji ya chupa, kwa kuwa maji ya mapafuni hutiririkia humo.

Ugunduzi mkubwa zaidi ulitoka New Zealand, tena kwa njia ya pembeni. Graham Liggins wa Auckland alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu wa kuzaa kwa kondoo. Aliwapa wanakondoo walio tumboni homoni ya steroidi, na mmoja aliyezaliwa mapema mno alikutwa akipumua ilhali mapafu yake hayakupaswa kufunguka. Homoni ilikuwa imeharakisha ratiba. Yeye na Ross Howie waliijaribu dawa ya aina hiyo kwa akina mama 282 waliotarajiwa kujifungua mapema, kwa mpango wa kulinganisha waliopewa na wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972: shida ya upumuaji iliwapata asilimia 9.0 ya watoto wa kundi la dawa na asilimia 25.8 ya wengine, na vifo vya siku za mwanzo vilikuwa asilimia 3.2 dhidi ya 15.0. Dawa ni ya bei ndogo na hudungwa kwa mama. Hata hivyo madaktari wengi wa uzazi walisita kuitumia hadi mwaka 1994, jopo la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipoipendekeza rasmi. Miaka 22 ni muda mrefu usio na udhuru mzuri.

Safaktanti yenyewe ilichelewa pia, kwa sababu nyingine. Majaribio ya miaka ya 1960 ya kumvutisha mtoto mafuta peke yake yalishindwa, kwani protini zake zilikosekana. Tetsuro Fujiwara wa Akita, Japani, alitumia safaktanti iliyotolewa kwenye mapafu ya ng'ombe, akaripoti mafanikio kwa watoto 10 mwaka 1980. Bado ni dawa ghali, na hospitali nyingi za Afrika hutegemea zaidi mashine rahisi za shinikizo la hewa, mojawapo ikiwa ile iliyojaribiwa Blantyre, Malawi.

Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, steroidi zilikuja na onyo. Utafiti wa nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, uliochapishwa mwaka 2015, ulieneza dawa hiyo hadi vituo vya ngazi ya chini. Vifo vya watoto wachanga viliongezeka kwa 3.5 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Wengi waliodungwa dawa hawakuzaa njiti. Utafiti wa pili, uliochapishwa mwaka 2020, ulifanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, India, Pakistani na Bangladesh kwa wanawake 2,852 ambao umri wa mimba zao ulihakikiwa kwa altrasaundi. Safari hii vifo vilishuka, asilimia 19.6 kwa waliopata dawa na 23.5 kwa wasioipata.

Dawa ilikuwa ile ile, deksamethasoni. Tofauti kubwa ilikuwa ubora wa huduma ya mtoto na uhakika wa wiki za mimba. Kipimo bora cha wiki hizo ni cha miezi mitatu ya mwanzo, urefu wa kijusi kutoka utosini hadi makalioni, ambao Hugh Robinson wa Glasgow aliufanya kuwa kipimo cha altrasaundi mwaka 1973. Leo Shirika la Afya Duniani huelekeza steroidi zitolewe kati ya wiki ya 24 na 34, kwa sharti kwamba umri wa mimba umehakikiwa, kuzaa kuko karibu, mama hana dalili za maambukizi, na mtoto atapata huduma ya kutosha. Sharti la kwanza ndilo gumu zaidi kutimiza Afrika Mashariki, ambako wanawake wengi hufika kliniki kwa mara ya kwanza baada ya mwezi wa tatu.