KUTOKA NDONYA HADI KATA-K: NANI ANAPANGA TUVAE NINI?

Mdogo wangu mmoja wa Ruangwa alikuwa anaangalia picha za wasichana wa Kijapani waliovaa magauni ya malinda na lesi kama wanasesere, wengine wamepaka nywele rangi ya waridi. Akaniuliza: "Braza, hawa kwao hawasemwi? Na sisi tumewahi kuwa na vitu kama hivi au ndo tunaiga tu?"

Jibu fupi: wanasemwa sana, na sisi tumewahi, tena zaidi ya mara moja. Jibu refu ndilo hili. Nimelipanga kwa vichwa vya habari, ili anayelipia dakika aruke aende moja kwa moja anapopataka.

1. Japani kwa kifupi

Sisi tunaijua Japani kwa Noah na Probox. Vijana wenyewe wanaijua kwa Harajuku, mtaa wa Tokyo. Kuanzia 1977 barabara ya pale ilikuwa inafungwa Jumapili magari yasipite, vijana wakaigeuza uwanja wa kucheza muziki na kuonyeshana mavazi. Mchezo huo ulikoma 1998. Mpiga picha Shoichi Aoki alianzisha jarida la FRUiTS mwaka 1997 kwa ajili ya kuwapiga picha vijana hao, likachapishwa mpaka 2017.

Makundi yalikuwa mengi. Kuna Lolita, hao wa magauni ya lesi. Kuna ganguro wa mtaa wa Shibuya, mwishoni mwa miaka ya 1990, ambao walijichoma ngozi iwe nyeusi kabisa halafu wakapaka rangi nyeupe machoni na mdomoni. Fikiria hilo vizuri: wakati dada zetu huku wanajichubua kwa mkorogo wawe weupe, wenzao kule walikuwa wanatafuta weusi. Magazeti yao yaliwaita wachafu na waliopotea.

Kwa nini kelele zote hizo? Japani wana msemo kwamba msumari uliotokeza hupigwa nyundo. Shule zao zina sare na kanuni mpaka za rangi ya nywele. Mwaka 2017 mwanafunzi wa sekondari huko Osaka alifungua kesi. Alidai nywele zake zilikuwa za kahawia kwa asili, shule ikamlazimisha azipake rangi nyeusi mara kwa mara, mpaka akaacha kuhudhuria. Hukumu ikatoka Februari 2021: akalipwa fidia ya yeni 330,000 kwa sababu shule iliondoa meza yake darasani na kufuta jina lake kwenye orodha. Lakini kanuni yenyewe ya nywele mahakama ikasema shule ilikuwa na haki kuiweka! Shule za serikali za Tokyo zikafuta ulazima wa kupaka nywele nyeusi kuanzia Aprili 2022.

Kingine wengi hawakijui. Ndani ya makundi yenyewe kuna masharti. Lolita aliyevaa gauni la bei rahisi anachekwa na Lolita wenzake. Yaani unakimbia sare ya shule, unaingia kwenye sare nyingine.

2. Ndonya: kwetu kabla ya yote

Sasa turudi nyumbani. Ukisema mavazi na mapambo ya vijana Nachingwea na Ruangwa, huwezi kuanza na jinzi. Unaanza na ndonya.

Ndonya ni kipande cha mti kinachovaliwa kwenye mdomo wa juu. Wanawake wa Kimwera, Kimakonde na Kimakua walitobolewa wakiwa wasichana, tundu likapanuliwa kidogo kidogo kwa kuongeza ukubwa wa kipande. Pamoja na ndonya kulikuwa na chale za usoni na mwilini, ambazo hata wanaume walichanjwa. Mjerumani Karl Weule, aliyefika pande za Masasi na Newala mwaka 1906, alipiga picha nyingi za wanawake hawa, ndiyo maana makumbusho za Ulaya zinazo mpaka leo.

Tusidanganyane kwamba wakati ule kila mtu alichagua mwenyewe. Msichana asiye na ndonya alionekana hajakamilika, na mume angempata kwa shida. Yale yalikuwa mashinikizo ya jamii kama mengine tu. Halafu upepo ukageuka. Wamisionari hawakupenda, shule hazikupenda, na baada ya Uhuru mambo hayo yakahesabiwa kuwa ushamba unaochelewesha maendeleo. Wasichana wakaacha.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa waliotobolewa. Nilimkuta kashaiacha ndonya, amebaki na tundu. Akienda mjini alikuwa anashika pindo la kanga na kuziba mdomo, hata akiwa anapatana bei ya dagaa. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akasema: "Mjukuu wangu, nilipowekwa walinipigia vigelegele. Sasa watoto wa mjini wananicheka. Mdomo ni huu huu."

Nadhani hakuna kitabu kilichonieleza jambo hili vizuri kuliko yeye.

3. Operesheni Vijana, 1968 na 1969

Hii wengi wa umri wetu hatukufundishwa vizuri, kwa hiyo nairefusha kidogo.

Nchi ilipokuwa Jamhuri Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, turudishe heshima ya mila zetu. Azimio la Arusha likafuata 1967. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, yaani TYL, ukapitisha azimio: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ni marufuku vimini, mawigi, krimu za kujichubua, suruali za kubana na kaptula fupi sana. Kampeni ikaitwa Operesheni Vijana. Mmoja wa vigogo wa TYL enzi hizo alikuwa Lawi Nangwanda Sijaona, mtu wa kwetu Kusini; ndiye yule ambaye uwanja wa mpira wa Mtwara umepewa jina lake.

Marufuku ilikuwa ianze Januari, lakini watu hawakusubiri. Oktoba hiyo hiyo makundi ya wanaume yaliwavamia wanawake Kariakoo, wengine wakashushwa kwenye mabasi na kuchaniwa nguo. Ikabidi polisi wa kutuliza ghasia waingie. Januari vijana wa TYL wakaanza doria mitaani.

Magazeti yalijaa barua za wasomaji, waliounga mkono na waliopinga. Hoja zao ukizisoma utadhani zimeandikwa jana:

- Waliounga mkono walisema kimini ni utumwa wa mawazo, kuiga wazungu, na ni aibu kwa wazazi.
- Waliopinga waliuliza: kama tatizo ni kuiga wazungu, mbona suti na tai hazijapigwa marufuku? Mbona bibi zetu walivaa pungufu ya kimini na hakuna aliyewaita wahuni?
- Wanawake waliofanya kazi maofisini walisema wazi kwamba wanaume wanaona uchungu kuona mwanamke ana mshahara wake na anajinunulia anachotaka.

Na hapa pana kichekesho kinachouma. Miezi michache kabla ya hapo serikali ilikuwa na kampeni nyingine kule kaskazini, ya kuwataka Wamasai waache lubega na kuvaa suruali ili waonekane wastaarabu. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja, dada wa Dar aliambiwa amevaa kizungu mno na Mmasai akaambiwa hajavaa kizungu vya kutosha. Novemba 1969 ikafuata marufuku ya muziki wa soul Dar es Salaam.

Operesheni ilififia baada ya muda. Miaka ya 1970 vijana wakaibuka na mambo yao mapya, tutayaona kwenye namba 5.

4. Majirani nao

*Uganda:* Idi Amin alipiga marufuku vimini mwaka 1972. Februari 2014 ikasainiwa sheria ya kupinga ponografia, watu wakaibatiza sheria ya vimini, na wanawake kadhaa wakavamiwa barabarani. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikaibatilisha.

*Malawi:* Chini ya Banda, kwa sheria ya 1973, mwanamke hakuruhusiwa kuvaa suruali wala sketi isiyofunika magoti, na mwanamume hakuruhusiwa nywele ndefu. Iliondolewa miaka ya mwanzo ya 1990.

*Kenya:* Novemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo kituo cha matatu Nairobi, video ikasambaa. Tarehe 17 wanawake wakaandamana wakisema nguo yangu ni chaguo langu.

*Kongo:* Hawa ndio Harajuku ya Afrika. Mobutu miaka ya mwanzo ya 1970 aliwakataza wanaume suti na tai, wakavaa abakosti, neno linalotokana na Kifaransa, maana yake "suti chini". Vijana wa Kinshasa wakajibu kwa kuvaa suti kuliko Wafaransa wenyewe. Ndio masapeur, na mfalme wao alikuwa Papa Wemba, aliyeanguka jukwaani Abidjan na kufariki Aprili 2016. Nao wana masharti: rangi zisizidi tatu kwa mpigo. Ukikosea unachekwa.

5. Kamusi ndogo ya mitindo ya Bongo

*Bugaluu na pekosi:* suruali pana chini, miaka ya 1970. Baba zetu wengi wana picha, waulizeni.

*Raizoni:* viatu vyenye soli nene, vya kwenda na bugaluu.

*Kafa Ulaya:* mitumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa adimu kweli kweli. Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, mitumba ikamiminika, na kijana wa kijijini kwa mara ya kwanza akaweza kuchagua.

*Brazameni na sistaduu:* vijana wa kujipenda wa mjini, wa kike na wa kiume. Jina lilikuwa sifa na dharau kwa pamoja.

*Kata-K au mlegezo:* suruali chini ya makalio, boksa nje. Ilipanda na Bongo Fleva. Wazee waliichukia kuliko zote.

*Modo:* kinyume chake, suruali iliyobanwa mpaka chini. Walimu wa nidhamu wanaijua kwa mkasi.

*Kiduku:* nywele kushoto na kulia zimenyolewa, katikati zimeachwa kama jogoo.

*Bishoo, sharobaro:* mtanashati wa kupitiliza. Neno la pili lilivuma kuanzia karibu 2010.

Umeona mfululizo? Wazee waliovaa bugaluu wakasemwa, ndio waliowasema watoto wao wa kata-K, na wa kata-K leo wanawasema wa modo.

6. Nachingwea na Ruangwa siku hizi

Huku shinikizo halina sura ya polisi wala chama. Lina sura ya jirani. Ninayaona matatu.

La kwanza ni sare za vitenge. RUNALI ikishaanza minada ya korosho, kwa kawaida kuanzia Oktoba, pesa zinaingia na sherehe zinapamba moto. Kila shughuli ina sare yake. Dada ambaye familia yake haikuvuna anakopa kitenge na pesa ya fundi, kwa sababu asipovaa atakaa nyuma na wapishi na kwenye picha hayumo. Anaanza mwaka na deni la nguo aliyoivaa mara moja. Hili naliona zito kuliko kimini chochote, na hakuna anayelikemea.

La pili ni nywele shuleni. Shule nyingi za serikali zinataka kichwa kinyolewe, na sababu zinazotolewa ni usafi, usawa na kuokoa muda. Sina ugomvi na usawa. Ugomvi wangu ni namna. Shule moja niliyosoma, jina naliacha, mwalimu alikuwa anapita mstarini na mkasi anachonga njia moja katikati ya kichwa halafu anakuacha hivyo urudi nyumbani ukicheka au ukilia. Mimi nilichaniwa suruali ya modo mbele ya wote. Ilikuwa ndiyo ya pekee.

La tatu ni nguo za mabaka. Nachingwea ni mji wenye jeshi tangu zamani, kila mtu anajua. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wasalimishe nguo zinazofanana na za jeshi. Mtumba mwenye kofia ya mabaka hana mbavu za kujitetea, kwa hiyo mdau ukikuta shati zuri la hivyo gulioni, liache.

7. Kanuni zinasemaje?

Watumishi wa umma wana waraka wa mavazi wa 2007. Bunge lina kanuni zake: Septemba 2018 Spika alipiga marufuku kope na kucha bandia kwa wabunge, na Juni 2021 mbunge wa Momba alitolewa nje kwa sababu ya suruali. Shule zina kanuni zake.

Hizo zote zina mipaka ya mahali na watu. Hakuna hata moja inayompa mpita njia, bodaboda au muuza mitumba ruhusa ya kumchania mtu nguo. Kumvua mwanamke nguo stendi ni kosa la jinai, linaweza kuwa shambulio la aibu. Na Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza adhabu za kumtweza na kumdhalilisha mtu. Likikutokea wewe au mwenzio, nenda polisi dawati la jinsia, na waliokuwepo wakubali kuwa mashahidi.

Mwisho

Sisemi kila mtu avae anavyotaka kila mahali. Msibani kuna nguo ya msibani, na hata mimi sitaenda kumposa mtu Ruangwa na kata-K. Ninachosema ni kwamba kusema "hii si nguo ya heshima" ni maoni, na kushika mkasi ni jambo lingine kabisa.

Wenye wazazi waliokuwepo Dar 1968 na 1969, waulizeni mtuletee walichokiona. Na wenye bibi wenye ndonya au chale, kaeni nao sasa hivi muwasikilize, maana wanapungua. Maoni ruksa hapo chini, matusi siyapitishi.