Bango la Mwanafunzi kuhusu Sikukuu ya Mbalamwezi ya China: Tatizo la Majira na Historia katika Tabora

Insha hii inajadili swali dogo lenye uzito wa kihistoria: mwanafunzi wa Tabora anayetakiwa kuandaa bango kuhusu sikukuu ya Wachina ya katikati ya majira ya mpukutiko aandike nini, ili wenzake waielewe bila kupotosha historia yao wenyewe? Mazingira ya swali hili yapo. Mwaka 2013 Taasisi za Confucius zilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kampuni mbili za China kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kwa mwelekeo uleule wa njia ya zamani ya misafara kati ya Unyanyembe na Ujiji. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba daraja la kweli kati ya sikukuu hiyo na Tabora ni kalenda ya mavuno na safari. Madaraja mawili mengine, ambayo huvutia zaidi kwa urahisi wake, hayabebi uzito.

Sikukuu yenyewe huangukia siku ya 15 ya mwezi wa 8 wa kalenda ya Kichina, mwezi unapokuwa mpevu. Desturi ya kuutazama mwezi ilistawi katika zama za Tang (618–907), na sikukuu ikapata sura yake rasmi katika zama za Song (960–1279). Mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya urithi wa taifa wa China, na tangu 2008 ni siku ya mapumziko. Familia hukusanyika, hula keki za mwezi zilizojazwa kunde au mbegu za yungiyungi, na husimulia habari za Chang'e, mwanamke aliyepaa hadi mwezini. (Keki hizo huokwa, mwanafunzi asizifananishe na vitumbua kwa sababu tu ni za mviringo.)

Ugumu wa kwanza ni kalenda. Tabora ina Waislamu wengi, na msomaji aliyezoea kuhesabu mfungo mosi na mfungo pili atadhani kwamba sikukuu ya mwezi lazima izunguke katika majira yote kama zinavyozunguka Idi. Sivyo. Mwaka wa Hijria hupungukiwa siku 10 au 11 kila mwaka wa jua, wala haufidiwi. Wachina huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19, kwa hiyo sikukuu haitoki kati ya mapema Septemba na mapema Oktoba: ilikuwa tarehe 29 Septemba mwaka 2023, tarehe 17 Septemba mwaka 2024 na tarehe 6 Oktoba mwaka 2025. Ni kalenda ya mwezi iliyofungwa kwenye kamba ya mkulima.

Ugumu wa pili ni neno. Wafasiri wengi huandika "vuli". Kwa mtu wa pwani vuli ni mvua fupi za kuanzia Oktoba hadi Desemba, yaani wakati wa kupanda, ilhali sikukuu ya Wachina ni ya waliokwisha kuvuna. Tabora hata vuli hiyo haipo: mvua ni za msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili. "Mpukutiko" ni neno sahihi zaidi, lakini nalo lina kikwazo chake. Septemba na Oktoba, majani yanapoanza kupukutika kaskazini mwa China, miti ya miombo ya Unyamwezi huchipua majani mapya mekundu kabla hata tone la mvua halijaanguka. Bango likichorwa majani yanayoanguka bila maelezo, mtazamaji wa Tabora ataangalia dirishani na kuona kinyume chake.

Daraja la kwanza bovu ni jina. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, aliieneza Ulaya tafsiri ya Unyamwezi kuwa "Nchi ya Mwezi". Jina hilo lilitoka kwa watu wa pwani, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba lilitaja upande wa magharibi, unakoandama mwezi mwandamo. Kuandika kwamba Wanyamwezi na Wachina ni "watu wa mwezi mmoja" ni kurithi kosa la mgeni na kulipamba.

Daraja la pili ni Zheng He. Ni kweli kwamba twiga wa Malindi alipelekwa katika kasri la Ming mwaka 1415, na vyombo vya kaure vya China vilipamba makaburi ya pwani. Lakini njia kuu ya Tabora ilistawi katika karne ya 19, na bidhaa zilizotawala mizigo yake zilikuwa merikani kutoka Marekani, kaniki kutoka India, na shanga nyingi za Venice. Mshale wa kuunganisha meli za Zheng He na Tabora utavuka pengo la miaka mia nne.

Kinachobaki ndicho chenye thamani. Rockel (2006) ameonyesha kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye utamaduni wao wa kazi. Wengi waliondoka baada ya mavuno ya mtama na mahindi, wakateremka pwani wakati wa kiangazi, na wakalenga kurudi kabla ya mvua ili walime. Mwezi mpevu wa Septemba au Oktoba, ambao China uliwakuta watu wa nyumba moja wakila pamoja, huku uliwakuta wapagazi wengi bado njiani, na nyumbani waliobaki wakihesabu siku. Maana ya sikukuu, yaani kukutana kwa familia, inaeleweka hapa kupitia upande wake wa pili: kusubiri.

Karatasi moja ya manila inatosha kwa haya. Mwezi mmoja uchorwe katikati, na pande zake duara mbili za miezi 12: moja ya mkulima wa China, nyingine ya Unyamwezi, zikionyesha kupanda, kuvuna, kuondoka na kurudi. Septemba za duara zote mbili zielekezwe kwenye mwezi huo, na chini ya kila moja iandikwe ni nani aliyekuwa nyumbani.