Sidab hadi Unguja: Saa Tano na Umri Mzima

Sidab, kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya majabali na bahari, jirani na Maskati ya kale, ndiko alikozaliwa babu yangu. Leo, kutoka uwanja wa ndege wa Maskati hadi ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni takriban kilomita 3,900. Ndege huzimaliza kwa saa tano na ushei.

Babu hakuhesabu saa, alihesabu pepo. Majahazi yalishuka na kaskazi, baina ya Desemba na Machi, kwa safari ya wiki kadhaa, kisha yakangoja kusi ya kuyarejesha. Katika kungoja huko wasafiri walipanga vyumba, wakajifunza Kiswahili, wakaoa. Sisi ni wazao wa kungoja huko.

Alimwahidi mama yake kurejea na kusi ya kwanza. Hakurejea. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani wa ng'ambo, aliyerejea alikuwa baba yangu, kwa ndege. Sidab alioneshwa kaburi lisilo na maandishi.

Ndugu zangu, waulizeni wazee wenu: ni kusi ipi waliyoahidi kurudi nayo?