Ikweta, Mlima Kenya na Ngazi ya Angani

Barabara itokayo Embu kwenda Meru huvuka mstari wa Ikweta baada ya kupita Nkubu. Wasafiri wengi huuvuka pasipo kujiuliza una faida gani, kwa kuwa hauonekani kwa macho. Lakini kwao watafutao njia ya kupanda angani, mstari huo ni mali. Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, na mtu aliyesimama kwenye Ikweta huchukuliwa nayo kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa pasipo kuinua mguu. Chombo kirushwacho kutoka hapo kuelekea mashariki hupewa mwendo huo bure.

Waitalia waliitambua faida hiyo mapema. Wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa yao baharini katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi iliipeleka angani setilaiti San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa kutoka huko setilaiti ya Marekani ambayo ilipewa jina la Uhuru. Hata kufikia mwaka 1988, setilaiti 9 zilikuwa zimekwisha kupaa kutoka majini mwetu. Tena mito ya Meru na Embu itokayo Mlima Kenya huingia katika Tana, na Tana humwaga maji yake katika ghuba ile ile.

Hata hivyo roketi ina kasoro kubwa. Hapana budi ibebe mafuta yake yenyewe, na mafuta hayo huwa karibu sehemu 9 katika 10 za uzito wake wote. Ni kama mchukuzi ambaye chakula chake cha njiani ni kizito kuliko mzigo aliotumwa. Tena huacha mabaki yake nyuma. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi, iliyotoka katika roketi, ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Ndiyo sababu wataalamu wametafuta njia nyingine tangu zamani.

Njia ya kwanza iliyofikiriwa ni mzinga. Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza wa karne ya 17, alieleza kwamba mzinga ukiwekwa juu ya mlima mrefu sana, na risasi ikapigwa kwa nguvu ya kutosha, risasi ile haitaanguka bali itaizunguka dunia. Mnamo 1865 Jules Verne wa Ufaransa alitunga hadithi ya watu waliorushwa kwenda mwezini kwa mzinga. Mwaka 1966 mzinga wa mhandisi Gerald Bull, huko Yuma katika Marekani, ulirusha risasi mpaka kimo cha kilomita 180. Lakini ikarudi chini, kwa kuwa mwendo wake haukufikia kilomita 28,000 kwa saa zihitajiwazo. Wala mwanadamu hawezi kusafiri kwa mzinga, maana mshindo ungemponda mara moja. Tukitaka kumrusha polepole, juu ya reli ya sumaku, kwa nguvu isiyozidi mara 3 ya uzito wake, hesabu yatuonyesha kwamba reli hiyo itapita kilomita 1,000. Huo ni umbali mrefu kuliko kutoka Mombasa hadi Kisumu.

Njia ya pili ni ngazi. Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi aliiwazia mwaka 1895, akiufikiria mnara wa Eiffel. Mwaka 1960 Yuri Artsutanov aliligeuza wazo hilo: badala ya kujenga kutoka chini, kamba iteremshwe kutoka juu. Setilaiti iliyo juu ya Ikweta, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini, huzunguka kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha, hata huonekana imesimama mahali pamoja. Kamba ikishushwa kutoka hapo, na uzito ukawekwa mbali zaidi ili kuivuta juu, itasimama wima, na magari yataipanda kwa umeme. Chuma kingekatika kwa uzito wake chenyewe. Nyuzi za kaboni zimeleta tumaini, lakini hazijafumwa kuwa kamba ya urefu huo. Arthur C. Clarke, alipotunga riwaya juu ya ngazi hiyo mwaka 1979, ilimbidi akisogeze kisiwa cha Sri Lanka mpaka Ikweta. Mlima Kenya hauhitaji kusogezwa, kwa maana kilele chake ki kilomita 17 tu kusini ya mstari.

Je, ngazi ikifungwa hapa, nani atakuwa mwenyewe? Swali hili si la mchezo. Mwaka 1976 wajumbe wa nchi za Ikweta, Kenya na Uganda zikiwamo, walitia sahihi Azimio la Bogotá, wakidai kwamba ile njia ya setilaiti iliyo juu ya nchi zao ni mali yao. Mataifa mengine hayakukubali, yakishika mkataba wa mwaka 1967 usemao kuwa anga haimilikiwi na taifa lolote. Lakini mwamba wa kufungia kamba si anga. Ni ardhi, nayo ina wenyewe.

Na mlima wetu si mtupu. Wameru huuita Kirimaara, na wazee waliomba wakiuelekea. Misitu yake hulinda chemchemi zinazonywesha mashamba ya chai na kahawa, na mwaka 1997 UNESCO iliutia katika urithi wa dunia. Kama reli ya sumaku ingepanda ubavu wa magharibi, chombo kingetoka kileleni kuelekea mashariki, na mngurumo wake, pamoja na hatari ya kuanguka, vingewashukia watu wa Chogoria. Faida ingeandikwa mbali, na hasara ingebaki kwao.

Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Setilaiti yetu Taifa-1, mwaka 2023, ilirushwa kutoka California, ingawa Ikweta inapita mashambani mwetu. Basi vijana wa Meru na Embu na wajifunze hesabu na sheria kwa pamoja. Siku wageni watakapokuja kuupima mlima, wawakute wenyeji wamekwisha kuupima, nao wanajua bei yake.