Kinga ya godoro isiyopitisha maji: namna ya kuifua na kuitunza

GODORO ni miongoni mwa vitu vya gharama kubwa vinavyonunuliwa nyumba inapoanzishwa, na ni miongoni mwa vichache visivyoweza kufuliwa. Shuka ikichafuka hutiwa majini na foronya hubadilishwa, lakini godoro la sponji likishapenywa na mkojo, damu au jasho, mwenye nyumba hubaki kulianika na kutumaini kuwa harufu itapungua.

Tatizo hilo huwa zito zaidi katika maeneo yenye unyevunyevu mwingi kama Mtambile, mji mdogo wa Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba, ulioko katika barabara iendayo kutoka Chake Chake hadi bandari ya Mkoani, mahali inapochepuka njia ya Kengeja. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Katika miezi hiyo godoro lililolowa huweza kukaa siku kadhaa bila ya kukauka hadi ndani, likaota kuvu na kutoa uvundo ambao hautoki tena.

Ndiyo maana kinga ya godoro, ambayo wengi huiita kwa ufupi “mpira”, imekuwa kitu cha lazima katika nyumba yenye mtoto mdogo, mzazi aliye katika arubaini, mzee au mgonjwa wa kitandani. Hata hivyo, kinga nyingi huharibika mapema kwa sababu ya namna zinavyofuliwa.

Kutoka sufi hadi sponji

Wazee wa Pwani hawakuwa na haja kubwa ya kifaa hiki. Godoro la sufi lilipolowa lilifumuliwa, sufi ikatandazwa juani, mfuko wake ukafuliwa, kisha likajazwa upya. Kitanda cha kamba nacho kilipitisha hewa kutoka chini, na mkeka wa ukindu uliotandikwa juu uliweza kuoshwa na kuanikwa siku hiyo hiyo.

Sponji haifumuliwi. Ina vitundu vingi vidogo vinavyofyonza maji upesi na kuyaachia polepole. Kwa hiyo njia pekee ya uhakika ni kuzuia maji yasiifikie.

Ufundi wa kuzuia maji kwa kitambaa ulipata sura yake ya kisasa mwaka 1823, pale Charles Macintosh wa Scotland alipopata hakimiliki ya kubandika tabaka la mpira ulioyeyushwa kati ya vitambaa viwili. Jina lake limebaki katika wodi za hospitali, ambako shuka ya mpira ingali ikiitwa makintoshi, na katika maeneo mengi ya Tanzania mama mjamzito huambiwa aende nayo anapokwenda kujifungua.

Zitambue aina tatu

Kabla ya kufua, ni muhimu kujua ni aina gani iliyopo kitandani, kwani kila moja ina masharti yake.

Ya kwanza ni mpira mzito au plastiki nene, inayouzwa kwa mita au ikiwa imekatwa. Hii haifuliwi kama nguo, bali hufutwa na kusuuzwa. Haipitishi maji wala hewa, hivyo anayeilalia hutoka jasho.

Ya pili ni nailoni ambayo godoro jipya huja nayo kutoka dukani. Wengi huiacha kwa miaka wakiamini kuwa wanalihifadhi godoro. Nailoni hiyo ilikusudiwa kwa safari tu. Huteleza, hupasuka, na hukusanya unyevu kati yake na godoro, na hapo ndipo kuvu huanza. Kwa mtoto mchanga ni hatari zaidi, kwa kuwa plastiki nyepesi iliyolegea inaweza kumziba pumzi.

Ya tatu ni kinga ya kitambaa, kwa kawaida ya pamba mfano wa taulo au ya poliesta, ambayo kwa upande wa chini imebandikwa tabaka jembamba la poliyurethani. Tabaka hilo huzuia maji lakini huruhusu mvuke wa jasho kupita. Ndiyo aina bora ya kulalia, na ndiyo inayoharibika haraka ikifuliwa vibaya.

Hatua za kufua kwa mkono

Kinga ya kitambaa ivuliwe mara inapolowa, isingojwe siku ya kufua. Bakteria huubadilisha mkojo uliokaa ukawa na amonia, na hiyo ndiyo harufu kali inayochoma pua. Ikiwa hakuna kilichomwagika, kuifua mara moja kila mwezi au miezi miwili kunatosha, maadamu shuka ya juu inafuliwa kila wiki.

Kwanza, isuuzwe kwa maji baridi yanayomiminwa mpaka kilichomwagika kitoke. Damu kamwe isianziwe na maji ya moto, kwani joto huigandisha katika nyuzi na doa hukataa kutoka.

Pili, itiwe katika beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga iliyokwisha kuyeyuka, na iachwe kwa muda wa nusu saa. Palipo na maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hayatoi povu vizuri, maji ya mvua yaliyokingwa hufaa zaidi.

Tatu, upande wa kitambaa ufikichwe taratibu kwa mkono. Upande wa poliyurethani upitishwe kiganja tu. Brashi ngumu huutoboa, na tundu dogo linatosha kuifanya kinga isiwe na maana.

Nne, isuuzwe mara mbili au tatu mpaka maji yatoke bila povu. Mabaki ya sabuni huwasha ngozi, hasa ya mtoto.

Tano, isikamuliwe kwa kusokotwa. Ikunjwe na kubanwa kwa viganja, au itundikwe ichuruzike yenyewe. Ianikwe kivulini penye upepo, kwanza kitambaa kikiwa juu, kisha igeuzwe. Isirudishwe kitandani kabla ya kukauka kabisa pande zote mbili.

Mambo yanayoiharibu

Adui wa kwanza ni joto. Pasi huyeyusha tabaka la chini, na maji yanayochemka hulibambua. Kinga nyingi huvumilia nyuzi joto 60, lakini nyingine huishia 40, hivyo kibandiko cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Joto la 60 lina faida yake, kwa kuwa huua utitiri wa vumbi ambao kinyesi chake huwachochea pumu watu wengi.

Adui wa pili ni dawa ya kung'arishia yenye klorini, ambayo wengi huiita Jik. Huikausha poliyurethani ikapasuka. Dawa ya kulainisha nguo nayo huacha utando unaopunguza uwezo wa kitambaa kufyonza.

Adui wa tatu ni jua kali. Desturi ya kuanika kila kitu juani ni nzuri kwa shuka, lakini miale ya jua huifanya plastiki na poliyurethani kuwa ngumu na kukatika. Kwa mpira au kinga, kivuli cha ukumbi au cha mwembe kinatosha.

Adui wa nne ni unyevu wenyewe. Kinga inayokunjwa na kuwekwa kabatini ikiwa mbichi hushikana, na baada ya muda tabaka lake hunata na kubanduka. Ihifadhiwe ikiwa kavu, imeviringishwa wala si kukunjwa kwa mikunjo mikali, mahali panapopita hewa.

Wenye mashine ya kufulia wachukue tahadhari ya pekee. Kitambaa kisichopitisha maji huweza kubeba maji mengi kama mfuko, na mashine inapozunguka kwa kasi uzito huelemea upande mmoja. Mwezi Novemba 2016 nchini Marekani zilitangazwa kurudishwa mashine takriban milioni 2.8 zenye mlango wa juu, ambazo zilitetemeka kupita kiasi, na wenye nazo wakaelekezwa kutumia mzunguko wa taratibu wanapofua matandiko na vitu visivyopitisha maji. Tahadhari hiyo inafaa kwa mashine yoyote ile.

Usafi na twahara

Katika jamii ya Pemba, ambayo walio wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, kinga iliyoingia mkojo au damu haihesabiwi kuwa imetoharika kwa kutoka doa pekee. Katika fiq'hi ya madhehebu hayo, maji machache, yaani yasiyofika kula mbili ambazo hukadiriwa kuwa takriban lita 200, hunajisika mara najisi inapoangukia ndani yake. Kwa hiyo kuitumbukiza kinga yenye najisi moja kwa moja katika beseni huyanajisi maji yote.

Njia sahihi ni kuiondoa kwanza najisi yenyewe, kisha kuyamimina maji safi juu ya kinga mpaka rangi na harufu viondoke. Ndipo itiwe katika sabuni. Mkojo wa mtoto mchanga wa kiume asiyefika miaka miwili, ambaye chakula chake ni maziwa tu, una wepesi wake, kwani hutosha kunyunyiziwa maji yakaeneza mahali palipoguswa. Wa mtoto wa kike huoshwa. Utaratibu huu waafikiana na ushauri wa usafi, kwa sababu kumwaga uchafu kabla ya kuloweka hupunguza harufu na kuokoa sabuni.

Anayelala juu yake

Kinga huhifadhi godoro, haimtibu mtu. Kwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza, mpira uliolowa jasho au mkojo hulainisha ngozi na kuharakisha vidonda vya kitandani. Juu ya mpira pawe na shuka ya pamba iliyonyooshwa isiyo na mikunjo, ibadilishwe kila inapolowa, na mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi.

Mtoto anayekojoa kitandani hastahili kupigwa wala kuitwa kikojozi mbele ya wenzake. Takriban asilimia 15 ya watoto wenye umri wa miaka mitano hukojoa usingizini, na walio wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua. Aliyekwisha kuacha kwa miezi kisha akaanza tena, hasa akiwa na kiu nyingi au maumivu anapokojoa, apelekwe hospitali.

Vile vile mwanamke ambaye baada ya kujifungua hutokwa na mkojo au haja kubwa bila kujizuia asijifiche nyuma ya mpira wa godoro. Huenda ni fistula, maradhi yanayotokana na uchungu wa muda mrefu usiopata msaada, na mara nyingi hutibika kwa upasuaji.

Wakati wa kuibadilisha

Kinga ipimwe kila baada ya miezi michache. Itandazwe juu ya kitambaa kikavu, imwagiwe glasi ya maji katikati na kuachwa kwa dakika 10. Kitambaa cha chini kikilowa, kinga imekwisha kazi yake. Dalili nyingine ni tabaka la chini kupukutika, kunata au kuonesha nyufa linaponyooshwa mbele ya mwanga.

Nyumba yenye mtoto au mgonjwa ni vyema iwe na kinga mbili, moja kitandani na moja kambani, kwani siku za masika kinga moja haikauki kabla ya usiku kuingia.